Uliza: Ikilinganishwa na Nini?

Shangazi yangu ana presha ya miaka tisa na simu ya kitochi. Asubuhi moja alinipigia akiwa kliniki, sauti imeshuka kama ya mtu aliye msikitini wakati wa hotuba. "Mwanangu, wamenipa makaratasi nitie sahihi. Utafiti wa dawa ya presha, wanasema. Na damu wanataka. Isije ikawa mumiani."

Nikacheka, halafu nikajuta. Sisi watu wa pwani tumekua na mumiani, wale wanaosemwa huvizia wapita njia usiku wakawanyonya damu ili igeuzwe dawa. Uvumi huo ulienea tangu enzi za ukoloni na haujafa, na aliyekua nao haachi hofu kwa sababu tu ameambiwa asiogope. Nilimwambia asitie sahihi siku hiyo. Aombe nakala, aje nayo nyumbani tuisome.

"Wataniruhusu?"

"Si ruhusa, shangazi. Ni haki yako."

Jioni tukakaa barazani na karatasi nne zilizochapwa mbele na nyuma, yeye na miwani yake yenye mkono mmoja uliofungwa uzi. Tulipofika penye damu, fomu ilisema watachukua mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai. Shangazi akanyanyua kichwa. "Vijiko vya kwangu au vya kwao?"

Nilipomwonyesha kwa kijiko cha sukari, akatulia. Makala haya yametokana na jioni ile. Tafiti za dawa siku hizi ni majirani zetu: ziko Kilifi na Kwale, Bagamoyo na Korogwe, Siaya, Mbale, Kampala. Huenda usiombwe kushiriki hata mara moja maishani mwako, lakini habari za dawa mpya zitakufikia kwenye simu kila wiki. Mambo hayo mawili yanataka ujuzi mmoja, nao ni kujua cha kuuliza. Maswali nitakayokupa ni mengi kidogo, ila moja ndilo mama yao: ikilinganishwa na nini?

Kikombe na dripu

Watanzania wanaukumbuka mwaka 2011 kwa kikombe cha Babu. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, katika kijiji cha Samunge huko Loliondo, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya miti kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni kwa kilomita nyingi, na wagonjwa walitoka hadi nchi jirani. Kila aliyerudi aliulizwa, "Umepona?" Wako waliojibu ndiyo kwa moyo mweupe kabisa. Wako pia walioacha dawa zao za hospitali kwa sababu ya kikombe hicho.

Mwaka huohuo, bila foleni wala kamera, yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Teule ya Muheza nchini Tanzania, na nne za Uganda. Utafiti huo uliitwa FEAST, ukiongozwa na Profesa Kathryn Maitland. Walichotaka kujua kilionekana kama jambo lisilohitaji hata kuulizwa. Mtoto akifikishwa wodini na homa kali, mikono na miguu ya baridi, mapigo ya moyo hafifu, je, kumwingizia maji mengi ya dripu kwa haraka kunamsaidia? Vitabu vya tiba vilisema ndiyo. Madaktari waliosoma Ulaya walisema ndiyo. Hata macho yalisema ndiyo, kwani dalili za mshtuko zilipungua upesi zaidi kwa watoto waliopewa maji hayo.

Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa maji ya haraka ya aina moja au nyingine, na wengine hawakupewa, ila huduma nyingine zote walizipata. Baada ya saa 48, katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka walikuwa wamefariki takriban 11. Kwa wale ambao hawakupewa, walifariki 7. Kamati huru iliyokuwa ikizikagua takwimu kadiri zinavyoingia ilishauri utafiti usimamishwe kabla ya kufikia idadi iliyopangwa, na ukasimamishwa Januari 2011.

Sasa fikiria kama wote wangepewa dripu ya haraka. Watoto 89 katika kila 100 wangevuka saa 48 wakiwa hai, mama zao wangeshukuru, na daktari angeapa kwamba dripu ndiyo iliyowaokoa. Wala asingekuwa mwongo, maana hayo ndiyo aliyoyaona kwa macho yake. Kilichofichua ukweli ni wale wa upande wa pili, ambao mtu wa mtaani angewahurumia kwa kunyimwa. Kikombe cha Babu hakikuwa na upande wa pili. Ndiyo maana mpaka leo tunaweza kubishana juu yake kijiweni, na hakuna atakayemshinda mwenzake.

Ukisikia habari ya dawa mpya

Ujumbe ukikufikia kwenye kundi la familia kwamba "wanasayansi wamegundua tiba", usiupokee wala usiukatae. Uupitishe kwanza kwenye maswali haya.

Swali la kwanza: ilijaribiwa kwa nani? Dawa nyingi zinazotangazwa kwa shangwe zimefanya kazi kwenye chupa ya maabara au kwa panya. Hiyo ni hatua ya kweli, lakini kutoka kwa panya hadi kwako kuna safari ya miaka, na dawa nyingi hukwama njiani. Kwa binadamu, utafiti hupita awamu. Awamu ya kwanza ina watu wachache na hutazama usalama. Ya pili hutafuta dozi na dalili za kufaa. Ya tatu ndiyo hulinganisha watu wengi, mara nyingi maelfu. Ya nne huendelea dawa ikiwa tayari sokoni, maana madhara ya nadra hayaonekani mpaka watumiaji wawe wengi sana. Habari isiyosema awamu gani ni kama basi lisilo na kibao: linakwenda, lakini hujui wapi.

Swali la pili ni lile letu: ikilinganishwa na nini? Dawa inaweza kulinganishwa na kidonge kisicho na dawa ndani yake, na dawa iliyozoeleka, au na kutofanya lolote. Jibu hubadilisha maana yote. Chukua sindano ya lenacapavir ya kuzuia maambukizi ya VVU, ambayo hudungwa mara mbili tu kwa mwaka. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao PURPOSE 1, uliofanyika Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25. Kati ya 2,134 waliodungwa sindano, hakuna aliyeambukizwa. Upande wa pili haukuachwa mikono mitupu, maana vidonge vya kinga, yaani PrEP, vilikuwa tayari vinajulikana, na kuwanyima ingekuwa dhambi. Walipewa vidonge vya kila siku vya aina mbili. Wa aina moja walikuwa 2,136 na wakaambukizwa 39. Wa aina ya pili walikuwa 1,068 na wakaambukizwa 16.

Msomaji wa haraka atasema vidonge havifai. Si hivyo. Vidonge vikimezwa kila siku hukinga vizuri, ila wengi wa washiriki hawakuvimeza hivyo. Sindano ilishinda kwa sababu haihitaji kukumbukwa kila asubuhi wala kufichwa chini ya godoro. Dada anayemeza PrEP yake bila kukosa hana sababu ya kuitupa kwa kusikia habari hii. Na anayeitaka sindano ajue kwamba lazima apimwe VVU kwanza, tena kwamba haikingi kaswende, kisonono wala mimba.

Swali la tatu: ni wangapi katika kila elfu? Hapa ndipo wauzaji hutupiga chenga. Mtu akikuambia dawa "inapunguza hatari kwa asilimia 50", inaweza kuwa imeshusha wagonjwa kutoka 400 hadi 200 katika elfu, au kutoka wawili hadi mmoja. Asilimia ni ileile, faida ni tofauti kabisa. Zidai namba zote mbili, ya kabla na ya baada.

Mfano mzuri ni utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, kuhusu wanawake wanaotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukahusisha wanawake zaidi ya 210,000. Kifaa chake kikuu kilikuwa shuka la plastiki lenye mfuko, linalotandikwa chini ya mzazi, na mfuko una alama kama za jagi la kupimia. Damu ikifika alama, mkunga haulizi tena kama ni nyingi au kidogo. Anaanza mara moja kusugua tumbo la uzazi, kutoa dawa za kukaza kizazi na za kuzuia damu, kuweka dripu na kuchunguza inakotoka damu, vyote kwa pamoja badala ya kimoja baada ya kingine. Katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa zamani, wanawake 43 katika kila 1,000 walipoteza lita moja ya damu au zaidi, au walipasuliwa tumbo, au walifariki kwa kutokwa na damu. Katika hospitali zilizotumia mpango mpya walikuwa 16. Hapo huhitaji kusukumwa na neno "asilimia 60". Wanawake 27 katika kila elfu waliepushwa na balaa, kwa shuka la plastiki na dawa ambazo tayari zilikuwepo kabatini.

Swali la nne: inapunguza kitu gani hasa? Chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, ilijaribiwa kati ya mwaka 2009 na 2014 katika nchi saba za Afrika, Bagamoyo na Korogwe zikiwemo kwa upande wa Tanzania, na Kilifi, Siaya na Kombewa kwa upande wa Kenya. Kwa watoto waliopata dozi nne, wakianza wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, iliwapunguzia vipindi vya malaria kwa asilimia 36 hivi katika miaka minne. Wako walioidharau namba hiyo. Lakini katika kijiji ambako mtoto huugua malaria mara kwa mara, theluthi ya homa ikiondoka ni siku nyingi za mama kwenda shamba badala ya kukesha zahanati. Na wako walioipandisha mno, wakadhani chandarua sasa kigeuzwe uzio wa vifaranga. Chanjo inakwenda pamoja na chandarua, haichukui nafasi yake.

Upande wa pili si jalala

Neno linalotisha wengi kwenye fomu ni "kikundi linganishi". Watu hudhani hao ndio waliotupwa. Mara nyingi sivyo. Katika majaribio ya chanjo ya malaria ya R21, yaliyofanyika Burkina Faso, Mali, Kilifi na Bagamoyo, watoto wa upande wa pili walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa. Huko Kwale, utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulichunguza kama kuwapa wanavijiji dawa ya ivermectin mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu kungewaua mbu wanaowauma na hivyo kupunguza malaria. Maambukizi mapya kwa watoto yalipungua kwa asilimia 26 yakilinganishwa na vijiji vya upande wa pili, na vijiji hivyo navyo vilipewa albendazole, dawa ya minyoo. Hakuna aliyetoka mikono mitupu.

Kwa hiyo swali unalopaswa kumuuliza nesi wa utafiti ni hili: "Nikiangukia upande wa pili, nitapata nini, na je, ni pungufu kuliko ninachopata leo?" Kwa ugonjwa wenye tiba inayofaa, jibu linatakiwa kuwa kwamba hutapata pungufu. Likiwa tofauti, usiendelee mpaka uelezwe sababu ukaielewa.

Uliza pia nani anaamua uangukie wapi. Jibu sahihi ni bahati nasibu, ambayo leo hufanywa na kompyuta au kwa bahasha zilizofungwa. Daktari akikwambia atakupangia upande mzuri kwa sababu mnafahamiana, amekutendea hisani inayoharibu kazi nzima. Wenye mjomba wakienda upande mmoja na wasio naye upande mwingine, tutakuwa tunalinganisha wajomba, siyo dawa.

Fomu mkononi, kalamu mfukoni

Fomu ya ridhaa ni ndefu kwa sababu inabeba haki zako. Usiisome kwenye benchi huku namba yako ikikaribia kuitwa. Nenda nayo nyumbani, mpe anayesoma vizuri zaidi yako, mshauriane. Kama husomi, una haki ya kusomewa mbele ya shahidi asiye mtu wa utafiti, kisha utie dole gumba, naye shahidi atie sahihi. Fomu iwe kwa lugha unayoijua vizuri. Kwenye karatasi au kwa mdomo, hakikisha umepata majibu ya haya.

Nikikataa, matibabu yangu ya kawaida yataendelea vilevile? Hili halina "inategemea". Jibu ni ndiyo.

Nikichoka katikati, naweza kutoka? Unaweza, siku yoyote, bila kulazimika kutoa sababu. Ila usipotee tu. Waambie, wakupime mara ya mwisho, maana dawa nyingine haifai kuachwa ghafla.

Madhara gani yamekwisha kuonekana? Tofautisha yale maudhi madogo madogo, kama kichefuchefu au maumivu pale palipodungwa, na yale mazito. Uliza: nikidhurika saa nane usiku nimpigie nani, na nani atalipia matibabu? Utafiti wa dawa ulioandaliwa vizuri huwa na bima ya washiriki, na fomu inapaswa kulieleza hilo.

Damu yangu itakwenda wapi? Itapimwa hapa au itasafirishwa nje ya nchi? Itahifadhiwa miaka mingapi, na inaweza kutumika kwa utafiti mwingine? Mara nyingi kuna kisanduku cha peke yake cha jambo hili. Unaweza kukubali utafiti ukakataa kuhifadhiwa kwa damu.

Dawa ikithibitika kuwa nzuri, nitaendelea kuipata? Wengi hawaulizi hili mpaka siku ya mwisho, wanapokabidhiwa cheti na soda.

Mwisho, nani aliyeidhinisha? Tanzania Bara, utafiti wa dawa unahitaji kibali cha maadili cha kitaifa kupitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kibali cha TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kenya kuna kamati za maadili zilizoidhinishwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, pamoja na Bodi ya Famasia na Sumu. Fomu halali huwa na namba ya simu ya kamati ya maadili, tofauti na ya watafiti wenyewe, ili ukiwa na lalamiko dhidi yao usilipeleke kwao. Itafute namba hiyo. Kama haipo, rudisha karatasi.

Hofu ina historia, ukweli una faida

Anayesema wasiwasi wa shangazi yangu ni ushamba hajasoma. Huko Tuskegee, jimbo la Alabama nchini Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, wanaume weusi 399 wenye kaswende waliachwa na ugonjwa wao ili uchunguzwe unavyoendelea, hata baada ya penisilini kuwa tiba inayojulikana. Mwaka 1996, katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo huko Kano, Nigeria, watoto 200 waliingizwa kwenye jaribio la dawa la kampuni ya Pfizer. Watoto 11 walifariki na wengine walibaki na ulemavu, na familia zikasema hazikuelezwa kwamba ni utafiti. Kampuni ilikana kosa, na mwaka 2009 ikafikia suluhu ya dola milioni 75 na serikali ya jimbo la Kano.

Maswali niliyokupa yametokana na maumivu ya namna hiyo. Tamko la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia walilipitisha mwaka 1964 kama mwongozo wa maadili ya utafiti kwa binadamu, limerekebishwa mara kadhaa, mara ya karibuni zaidi mwaka 2024. Katika toleo hilo, neno la zamani lililomtaja mtu kama kitu kinachofanyiwa utafiti limeondolewa, na sasa anaitwa mshiriki.

Lakini mshiriki naye ana wajibu. Kati ya mwaka 2009 na 2012, utafiti uitwao VOICE ulifuatilia wanawake zaidi ya 5,000 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe waliopewa vidonge au jeli ya kukinga VVU. Walipoulizwa, majibu yao yalionyesha kwamba karibu dozi tisa katika kila kumi zilitumika. Damu yao ilipopimwa, dawa ilionekana katika sampuli zisizozidi tatu katika kila kumi. Kinga haikuonekana, na miaka ikapita. Siwalaumu. Walioahidi mbele ya nesi mpole hawakutaka kumvunja moyo, na wengine walificha vidonge wasije wakadhaniwa wana VVU. Ila ule uongo wa adabu ulitugharimu. Kama watafiti wangeambiwa mapema kwamba kidonge cha kila siku ni mzigo, safari ya kufika kwenye sindano ya mara mbili kwa mwaka pengine ingekuwa fupi.

Kwa hiyo, ukikubali, sema kweli. Ukiruka dozi, sema. Kama unakunywa mlonge, mwarobaini au dawa ya mganga, taja, kwa sababu mitishamba mingine hugombana na dawa za hospitali. Usigawane vidonge vya utafiti na mumeo wala jirani, hata kama ugonjwa ni uleule. Usijiandikishe tafiti mbili kwa mpigo ukifuata nauli, maana dawa mbili zisizojuana zinaweza kukutana mwilini mwako kabla hazijakutana kwenye vitabu.

Nauli yenyewe si kosa. Kurudishiwa pesa ya basi, ya chai na ya siku uliyoacha kazi ni haki. Fedha ikizidi hapo, jiulize inanunua nini. Na ukiambiwa wewe ndiye ulipe ili uingie kwenye utafiti wa tiba ya ajabu, ondoka bila kuaga.

Kizuri chajiuza

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Stendi, redioni na kwenye simu kuna dawa zinazojitembeza: moja inatibu kisukari, nguvu za kiume, vidonda vya tumbo na kizazi, na chini yake imeandikwa "imethibitishwa na utafiti". Utafiti upi, wa watu wangapi, ikilinganishwa na nini? Uliza namba ya usajili wa TMDA, au wa mamlaka ya dawa ya nchi yako, kisha uihakiki kwao badala ya kwa muuzaji. Dawa inayotibu magonjwa kumi yasiyo na udugu haijalinganishwa na chochote. Na chochote utakachonunua, usiache dawa ya presha, ya kisukari au ARV kwa ajili yake. Presha haipigi hodi.

Siku ya kliniki iliyofuata shangazi alikwenda na karatasi zake zimekunjwa ndani ya kanga. Baadaye alinisimulia. Alimuuliza nesi watu wa upande wa pili wanapewa nini. Nesi akavuta kiti, akakaa, akafungua ukurasa wa tatu: wanaendelea na vidonge vyao walivyovizoea, kwa kliniki ileile na vipimo vilevile. Akauliza kuhusu damu, akaonyeshwa kisanduku. Akauliza akichoka itakuwaje, akajibiwa.

"Kwa hiyo umesaini?" nikamuuliza.

"Bado. Nimewaambia wanipe wiki moja nyingine."

"Wakasemaje?"

"Wakasema sawa, mama, karibu tena." Akairudisha fomu kwenye kopo la biskuti, pamoja na hati ya shamba na kadi yake ya kliniki, akalifunga. "Wangekataa, ningekuwa nimeshapata jibu."